Nunua Chesisi na Kadi, Mengine Yatafuata

Lami imefika. Kutoka Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, basi linakupitisha Sanje, Mang'ula na Kiberege bila kukutikisa, na pale Ifakara pantoni imebaki hadithi tangu Daraja la Magufuli lenye mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018. Mtu anaweza kuuliza gari la fowili la nini tena. Jibu liko bondeni, ng'ambo ya reli ya TAZARA. Mpunga haulimwi kwenye lami. Unalimwa kwenye udongo wa mbuga, mweusi, ambao Septemba hupasuka nyufa za kumeza mkono na Machi hunata hadi jembe linagoma kutoka. Ukitoka Ifakara kwenda Mngeta na Mlimba, au ukivuka daraja kuelekea Lupiro, Itete na Malinyi, masika haichelewi kukuonyesha gari dogo lililolalia tumbo na abiria wake wakitafuta trekta.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye akiba ya misimu michache ya mpunga au miwa, mikono isiyoogopa grisi, na ambaye si fundi. Anataka gari chakavu la fowili alijenge mwenyewe polepole, ajifunze humo humo, na mwishowe limtolee magunia shambani au limfikishe mgonjwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko Ifakara usiku wa mvua. Neno langu kubwa kwake ni hili: hununui injini, hununui rangi, hununui matairi. Unanunua chesisi na kadi. Vingine vyote vinafunguliwa na kufungwa kwa spana. Chesisi iliyooza na kadi yenye utata havina spana yake.

(Wapo wanaotaka gari la namna hii ili wapande nalo mlimani kuyaona maporomoko ya Sanje. Wasijisumbue. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu. Ndani hakuna barabara za gari, na maporomoko yale ya mita 170 utayafikia kwa jasho lako.)

Usianze kwa kuuliza gari gani ni bora duniani. Nenda kwenye gereji za Mang'ula na Ifakara, hata zile za chini ya mti zinazoitwa gereji bubu, ukae nusu siku. Tazama magari yapi yanafunguliwa asubuhi na kuondoka jioni, na yapi yameota majani yakisubiri spea. Hayo ya pili yakwepe, hata ukipewa kwa bei ya mbuzi. Gari linalojulikana na mafundi wa hapa kwetu ni bora kuliko gari zuri linalojulikana Dar es Salaam pekee.

Land Cruiser mkonga kila mtu anaitamani, na ndiyo kasoro yake: bei yake haishuki hata ikiwa imechoka. Injini yake ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, ni ngumu kweli kweli, lakini mtu anayeanza hana sababu ya kujifunzia kwenye kitu cha bei hiyo. Suzuki Samurai ni kinyume chake. Ni nyepesi, haifiki tani moja, na wepesi huo unaivusha mahali ambapo gari zito lingezama. Ila ni ya petroli, injini ndogo, na magunia yake ni machache. Kwa mwalimu, mhudumu wa afya au bwana shamba ni chaguo la akili. Kwa mkulima wa ekari nyingi, hapana.

Hilux za zamani, zile zenye ekseli nzima mbele na springi za bapa pande zote, ni habari nyingine. Nyingi zina injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8, au ya 5L iliyokaribia lita 3. Injini hizo ndizo zilizokuwa kwenye Hiace za daladala, kwa hiyo gasketi, pampu ya maji na mkanda wake hukosi. Nisisitize huo mkanda. Injini za jamii hii zina mkanda wa taimingi wa mpira. Ukikatika, pistoni hukutana na valvu na hapo umenunua injini nyingine. Ukinunua Hilux, badilisha mkanda kabla ya jambo lolote, hata muuzaji akiapa kwamba ni wa juzi.

Halafu kuna Land Rover. Hii ndiyo gari ya misheni, hospitali, polisi na vyama vya ushirika iliyotuzunguka tangu utoto. Wakenya walikuwa wakiziunganisha Thika, kwenye kiwanda cha Leyland. Ilianza kuuzwa mwaka 1948, na Oktoba 2024 watu walizikusanya Arusha kwa tamasha lake lenyewe, za kila umri, nyingine zikiwa zimewapita umri madereva wake. Unayoweza kuipata kwa bei ya chini ni 109 ya toleo la tatu, lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, au 110 iliyoanza 1983, ile yenye springi za koili. Zilizo na injini ya Td5, za kuanzia mwisho wa miaka ya 90, ziache, maana zinaongozwa na kompyuta, na kompyuta ikinuna Mlimba hakuna wa kuibembeleza.

Kwa anayetaka kuanza kazi mwezi ujao nitasema Hilux. Kwa anayetaka kujifunza gari nitasema 109 bila kusita. Injini yake ya lita 2.25 ina mnyororo badala ya mkanda, bodi yake inafunguka kipande kwa kipande, na kila kitu unakiona kwa macho kinavyofanya kazi. Ni ya polepole, ina kelele, inavuja. Utakayojifunza humo utayakuta kwenye gari lolote utakalomiliki baadaye.

Pa kulipata. Magari ya serikali na ya miradi yakimaliza muda wake hupigwa mnada: yale ya namba za STK, SU au DFP. Tangazo husema yanauzwa kama yalivyo na mahali yalipo, na maneno hayo yachukue yalivyo. Mnadani unaruhusiwa kutazama, mara chache sana kuwasha. Uzuri wake ni kwamba historia ya umiliki ni fupi na karatasi zinatoka kwa mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba gari huenda limekaa juani miaka, na limechomolewa betri, altaneta na chochote chenye soko. Ulizia mapema masharti ya malipo, kwa sababu amana hudaiwa papo hapo na salio lina siku zake. Ukishindwa, amana imekwenda.

Kwa mtu binafsi, anza na kadi kabla ya kufungua boneti. Soma namba ya chesisi kwenye kadi, kisha itafute kwenye chuma chenyewe. Kwenye Land Rover za springi za bapa imegongwa mbele kulia, karibu na mahali springi inaposhikwa. Kwenye Hilux ipo kwenye mhimili wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Sugua tope kwa brashi ya waya uisome tarakimu moja moja. Namba ya injini mara nyingi haitalingana, kwa kuwa magari haya yamebadilishwa injini, na hilo linarekebishika TRA mkiwa na karatasi za injini iliyofungwa. Namba ya chesisi isipolingana, shukuru kwa chai uliyopewa na uondoke. Angalia pia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari. Mfumo wa polisi unaonyesha, na deni hufuata gari. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na uhamisho ufanyike wakati muuzaji bado anapokea simu yako. Gari lililouzwa kwa kupokezana kadi mara tatu bila kuhamishwa jina, mmiliki wa kwanza akiwa marehemu, litakupeleka mahakama ya mirathi ambayo si ya ukoo wako.

Sasa chesisi. Nenda na nyundo ndogo, tochi na turubai la kulalia, na usione haya kulala chini ya gari la mtu. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haishiki kutu ya kawaida, na hilo limewadanganya wengi: juu gari linang'aa, chini boksi la chuma limeliwa kutoka ndani. Gonga kuanzia mhimili wa nyuma unaoshika ndoano ya kuvutia, uje kwenye mikono inayobeba bodi, halafu mahali springi zinapofungwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inaingia. Ukiona kiraka kimechomelewa juu ya kiraka, huyo si mgonjwa wako.

Uliza lilikuwa likibeba nini. Gari lililosomba mbolea, hasa SA, limebeba chumvi, na chumvi ile ikilala ndani ya chesisi na kupata unyevu inakula chuma kimya kimya. La pwani nalo lina chumvi ya bahari. Gari la bara lililobeba mawe, hata likiwa limebondeka, linaweza kuwa na chesisi bora kuliko la padri lililooshwa kila Jumamosi. Kisha pima unyoofu. Chukua kamba, toka bolti ya springi ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, weka fundo, halafu pima mkingamo wa pili. Zikitofautiana kwa upana wa kidole na zaidi, gari hilo liliwahi kupinduka au kugonga, na litakula matairi maisha yake yote.

Injini uisikilize ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto unaweza kuwa maji. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, mara nyingi nozeli au pampu. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: mvuke kidogo ni kawaida, pumzi inayosukuma kwa nguvu ni ringi zilizochoka. Fungua rejeta ikiwa bado baridi, washa, na utazame kama mapovu yanapanda mfululizo, maana hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Lakini nirudie: injini mbovu ni hoja ya kupunguza bei, si ya kukataa gari.

Kitu ambacho watu wa bondeni hawana budi kukitazama, na hawakitazami, ni difu. Fungua nati ya kipimo kwenye ekseli, ingiza kidole kidogo. Oili isiyo na maji ni ya rangi ya asali au nyeusi. Ikiwa imefanana na maziwa, maji yameingia, na gari lililovuka mito ya kwetu miaka kumi bila mtu kubadilisha oili hiyo lina beringi zilizokwisha kutu. Jaribu fowili pia, ila juu ya vumbi au majani, kamwe si kwenye lami. Kwenye 109 unakandamiza kitasa cha njano kupata magurudumu manne, na mkono mwekundu ukiuvuta nyuma unakupa gia za nguvu. Magari haya ya aina ya zamani hayana difu ya katikati, hivyo ukikata kona kwenye lami ukiwa kwenye fowili, ekseli mbili zinashindana na kitu kitavunjika. 110 ni tofauti kwa kuwa yenyewe iko kwenye fowili wakati wote na ina difu ya katikati unayoifunga ukiingia topeni.

Fedha zako zigawe mafungu mawili kabla hujaenda kutazama gari lolote. Moja la kununua, lingine liwe sawa nalo au zaidi, na usiliguse hadi gari liko uani kwako. Mtu anayemaliza akiba yote kununua gari amenunua banda la kuku. Na kulileta, usiliendeshe kutoka Dar es Salaam kupitia Mikumi kwa breki usizozijua. Lipandishe kwenye Fuso linalorudi tupu kuchukua mchele. Nauli hiyo ni nafuu kuliko tembo au nguzo.

Vifaa nunua vichache na vya chuma cha kweli. Seti ya spana na soketi, jeki ya chupa, stendi nne za kusimamishia gari, grisi gani, nyundo, taa ya kichwani. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya matofali ya kuchoma. Tofali hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Anayenunua Land Rover ya zamani ajue bolti zake nyingi ni za vipimo vya inchi, saba kwa kumi na sita, nusu, tisa kwa kumi na sita. Spana za milimita za Toyota zinakaribia kuingia, na huko kukaribia ndiko kunakoharibu vichwa vya bolti.

Kazi ya kwanza ni breki. Najua kishawishi: kila mtu anataka kusikia injini ikilia. Gari bovu lisilowaka halijaua mtu, lisilosimama limeua. Badilisha raba za masta silinda na silinda za magurudumu yote, paipu za mpira zote, na mafuta ya breki yote. Mafuta hayo hunyonya unyevu hewani, na ya miaka mingi yana maji yanayochemka kwenye mteremko mrefu. Anayejua barabara ya kushuka kutoka Mahenge hahitaji maelezo. Usimruhusu mtu kuongezea oili nyingine kwa hoja kwamba yote ni mafuta. Oili ya madini inavimbisha raba za breki na kazi yote inarudi mwanzo. Ukiwa hapo, kagua stelingi: shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia, huku mwenzako akitazama ni kiungo kipi kinacheza. Kila kinachocheza kibadilishwe.

Ya pili ni kupoza injini. Joto la bonde, gia nzito, mwendo wa kilomita kumi kwa saa bila upepo wa mbele: mazingira haya huua injini kuliko umbali wowote. Ng'oa rejeta ipelekwe kusafishwa ndani, osha nje makapi ya mpunga na mbegu za nyasi zilizoziba matundu, badilisha paipu zote za maji na mkanda wa feni. Wengi wetu tumezoea kung'oa themostati kwa madai kwamba inazuia maji. Irudishe, nzima. Bila hiyo injini ya dizeli huwa ya baridi kupita kiasi asubuhi, ikala oili na kuchakaa, na kama rejeta imeziba bado itachemka mchana. Funga kipimo cha joto kinachofanya kazi mahali macho yanapokiona.

Ya tatu haigharimu karibu chochote, na ningeiweka juu ya mapambo yote. Ekseli, gia boksi na trensfa vina tundu dogo la kupumulia. Gari likitembea, oili inapata moto na hewa ya ndani inatanuka. Likiingia ghafla kwenye maji baridi ya Ruipa au Lumemo, hewa ile inasinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni maji. Hivyo ndivyo difu zinavyopata rangi ya maziwa. Dawa yake ni mpira mwembamba wa mafuta kutoka kila tundu, uliopandishwa hadi karibu na boneti na kufungwa vizuri, mdomo ukitazama chini. Nimewaona watu wenye taa sita juu ya paa na matundu ya difu yaliyozibwa na tope.

Ukishafika hapo ndipo uamue juu ya injini. Ya asili ikiwa inatengenezeka, itengeneze. Wengi huingiza injini ya dizeli ya Toyota kwenye 109, na inafaa, lakini gia boksi na shafti za nyuma za gari lile zilikusudiwa injini ya farasi sitini na kidogo. Ukiweka yenye nguvu zaidi na mguu mzito, utakuwa ukibadilisha shafti kila msimu. Bamba la kuunganisha injini na gia boksi lazima likerezwe na mtu wa lezi anayejua kazi. Kwa bahati bonde letu lina mafundi waliopita kwenye karakana za kiwanda cha sukari na za reli. Watafute hao, hata kama wamestaafu, hata kama ni wakali. Na mabadiliko ya injini au rangi yapelekwe TRA yaandikwe kwenye kadi mapema, trafiki asije akayagundua kabla yako.

Umeme nitaupitia haraka: waya za zamani zing'oe zote, uanze upya na waya chache, fyuzi kwa kila kitu, na swichi ya betri ya kukata umeme. Gari la dizeli la aina hii linahitaji staata, taa, vaipa na honi. Redio itasubiri.

Mkonga wa kuvutia hewa ni wa maana, kwa maji na zaidi kwa vumbi la Agosti. Ila uwe umezibwa kila kiungo hadi kwenye injini. Ule wa bomba la plastiki uliofungwa kwa raba ya ndani ya baiskeli ni pambo la kumdanganyia dereva aingie maji marefu. Maji hayabanwi. Yakiingia kwenye silinda ya dizeli, mkono wa pistoni unapinda. Kiasi cha maji cha kuvuka ni kile ulichokipima mwenyewe kwa miguu, na fimbo mkononi. Mto usioweza kuuvuka kwa miguu usiuvuke kwa gari, na kumbuka mvua haihitaji kunyesha ulipo. Ikinyesha Udzungwa, mto utakufuata.

Kuinua gari kwa kuongeza bapa za springi kumekuwa fasheni. Sikushauri. Unaongeza urefu kidogo, unapata gari gumu linalorusha mizigo, lenye propela iliyokaa pembe mbaya, na jepesi kupinduka kwenye tuta la jaruba. Weka springi za kiwango chake, bushi mpya, shokapu nzima. Urefu unaousaka utaupata kwenye matairi. Saizi ya 7.50-16 inapatikana, ni nyembamba na ndefu, na inafaa gari hizi. Kwenye tope lenye sakafu ngumu chini yake, tairi jembamba hukata likaikuta. Kwenye mbuga iliyolowa kabisa hakuna tairi litakalokuokoa. Meno yanajaa udongo na gurudumu linakuwa duara laini. Minyororo ya kufunga kwenye magurudumu husaidia. Kusubiri jua la siku mbili husaidia zaidi. Kwenye mchanga wa mito wakati wa kiangazi punguza upepo, ila uwe na pampu ya kuurudisha.

Ndoano za kuvutia, mbele na nyuma, zifungwe kwenye chesisi kwa bolti nene. Bampa si mahali pake, wala ndoano ya mpira wa trela. Trekta au pawatila ikikuvuta kwa nguvu kipande hicho kikachomoka, kinaruka na mnyororo wake kwenye kifua cha mtu. Waondoe watazamaji, hasa watoto, ambao topeni hawakosi. Beba koleo, panga, mbao mbili nene za kuwekea jeki, na kamba iliyo ndefu kuliko unavyodhani inatosha.

Mafuta ya kwenye vidumu yana maji na mchanga mara nyingi. Ukilazimika kuyanunua, yaache yatulie, uyamimine kwa mpira kutoka juu, ukiacha ya chini. Kwenye chujio la dizeli kuna kizibo cha kumwagia maji. Kifungue mara kwa mara. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji, au mafuta ya taa yaliyochanganywa, yanaikwangua.

Sasa fundi. Usimkabidhi gari ukaondoka, na usimsimamie ukidhani kila neno ni wizi. Mpe kazi moja kwa wakati, mkubaliane bei ya kazi hiyo, spea ununue mwenyewe, na spea ya zamani uipokee mkononi. Ukienda Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta spea, beba ile mbovu. Picha ya simu haionyeshi idadi ya meno ya shafti, na za Land Rover zipo za aina zaidi ya moja. Weka daftari: tarehe, kilichobadilishwa, bei, aliyekifunga. Ukimsikia fundi akisema "itakaa tu, Mzee" huku akitafuta nyundo, msimamishe kwa adabu. Kama unaona maneno ya kiufundi yanakupita, VETA wana chuo Mikumi, si mbali. Ulizia kozi fupi za magari uende kabla ya kununua.

Safari ya kwanza iwe ya lami, Sanje hadi Ifakara na kurudi, mchana, bila mzigo, kwa mwendo usiozidi 60. Magari haya hayakuundwa kushindana na mabasi, na lami yetu laini inashawishi. Ukirudi, kaza upya nati za magurudumu, bolti za U za springi na bolti za propela. Zote zitakuwa zimekaa na kulegea. Gusa kila habu kwa kiganja: iliyo ya moto kuliko wenzake ina beringi iliyokazwa mno au breki inayoburuta. Baada ya wiki moja ya namna hiyo nenda shambani, nusu mzigo, na mtu wa pili.

Na kila ukitoka kwenye maji, kanyaga breki taratibu ukitembea hadi zikauke. Kila ukitoka kwenye tope, osha chini ya gari siku hiyo hiyo, kwa kuwa tope la mbuga likikauka juu ya chesisi linahifadhi unyevu kwa wiki. Kisha lala tena kwenye turubai lako, fungua nati ya difu, ingiza kidole. Ikiwa imebadilika rangi, imwage kabla ya kulala. Oili ya difu ni bei ya kuku, difu yenyewe ni bei ya ng'ombe, na ya mtumba inabidi uifuate Dar es Salaam.